Namna ya kuziba mapengo ya maarifa ya jumla ukiwa tayari una shahada

Dodoma ya sasa ni mji wa watu waliosoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, serikali ikaanza kuhamia kwa kasi kuanzia 2016, na leo si ajabu kumkuta mwanasheria, mhandisi wa maji, mhasibu na mtaalamu wa kompyuta wakila wali maharage kwenye meza moja ya mama lishe kule Mtumba. Kila mmoja anaijua kazi yake barabara. Lakini uliza mezani hapo kwa nini mwezi unakuwa mwembamba, au nchi inayoitwa Tanzania ilianza kuitwa hivyo lini, au riba ya asilimia 18 ni shilingi ngapi hasa. Utasikia majibu ya kubahatisha, na mara nyingi yanatolewa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Hili si suala la akili ndogo. Mapengo haya yana chanzo kinachojulikana, na hufuata mkondo ule ule kwa watu wengi. Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyeajiriwa, mwenye watoto na foleni ya daladala, anayeweza kupata nusu saa kwa siku. Sikushauri ukariri orodha za miji mikuu ya dunia. Nakushauri uanze na vitu vinavyokugusa hapa hapa ulipo, kisha upanue.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye tahasusi yako

Chukua karatasi uandike kila somo uliloacha, na kidato ulichokuwa ulipoliacha. Kwa wengi wetu fizikia na kemia ziliishia kidato cha pili, tulipochagua mchepuo wa sanaa au biashara. Aliyekwenda tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, naye aliagana na historia akiwa bado kijana mdogo, na hajafungua kitabu chake tangu hapo. Somo la GS (General Studies, yaani maarifa ya jumla) lilikuwepo kidato cha tano na sita ili kutusaidia kwenye hili hasa, lakini wanafunzi wengi walilisoma wiki mbili kabla ya mtihani kwa kuwa halikuwa na uzito kwenye kuchaguliwa chuo.

Matokeo yake ni kwamba ujuzi wako wa somo uliloacha umebaki na umri ule ule. Una miaka arobaini, umesimamia miradi ya mabilioni, lakini biolojia yako ina miaka kumi na sita. Ukiiona karatasi hiyo utajua pa kuanzia, na hutapoteza muda kusoma zaidi kile unachokijua tayari. Watu wengi wanaosema "napenda kujisomea" huongeza maarifa upande ule ule waliokwisha kuujaza.

Hatua ya pili: jipime kwa kueleza

Kulitambua jina la kitu kunatudanganya sana. Tunasikia "antibayotiki", "mfumuko wa bei", "Muungano", na kwa kuwa neno si geni tunadhani tunalijua jambo lenyewe. Kipimo cha kweli ni kueleza kwa sentensi tatu, bila simu, kwa namna ambayo mtoto wa darasa la sita ataelewa. Jaribu haya:

- Kwa nini Ulaya kuna baridi mwezi Januari?
- Tanzania Bara inapakana na nchi ngapi, na ni ipi kati ya hizo tunapakana nayo majini tu?
- Kwa nini daktari makini hakupi antibayotiki kwa mafua?
- Mahindi yaliyoota ukungu yakichemshwa sana yanakuwa salama?
- Diwani, mtendaji wa kata na mkuu wa wilaya: nani anachaguliwa kwa kura, nani anaajiriwa, nani anateuliwa?
- Mkopo wa milioni moja na laki mbili kwa mwaka mmoja, riba asilimia 18: utalipa riba shilingi ngapi?

Pale kalamu itakaposimama ndipo pengo lilipo. Liwekee alama, kisha endelea.

Hatua ya tatu: simika fimbo uani saa sita mchana

Nalikazia hili kuliko mengine yote, kwa sababu fimbo moja inafundisha jiografia, fizikia na hata historia ya saa, na haihitaji fedha wala intaneti.

Tafuta fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja. Isimike wima kwenye sehemu tambarare isiyo na kivuli cha mti wala ukuta. Kuanzia saa 6:00 mchana weka kijiwe pale kinapoishia kivuli, na urudie kila baada ya dakika tano hadi saa 7:10 hivi. Kijiwe kilicho karibu zaidi na fimbo kinaonyesha wakati jua lilipokuwa juu kabisa kwa siku hiyo.

Utashangaa kwamba haikuwa saa sita kamili. Kwa Dodoma wastani ni kama saa 6:37. Sababu ni kwamba saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hata haupiti ndani ya Tanzania. Unapita karibu na Mogadishu. Dodoma iko kwenye nyuzi 35.7 hivi. Dunia inazunguka nyuzi moja kila dakika nne, kwa hiyo jua linachukua dakika 37 zaidi kutufikia sisi. Ukirudia katikati ya Februari utapata karibu saa 6:51, na mwanzoni mwa Novemba karibu saa 6:21, kwa kuwa mwendo wa dunia kuzunguka jua hauna kasi moja mwaka mzima, na mhimili wake umeinama.

Sasa angalia urefu wa kivuli na upande kinakoelekea. Tarehe 21 Juni kivuli cha fimbo ya mita moja kinafika sentimita 57 hivi na kinaelekea kusini, maana jua liko kaskazini kwetu. Tarehe 21 Desemba ni sentimita 31 tu, na kinaelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba kivuli kinakaribia kutoweka kabisa, kwa kuwa jua liko utosini.

Hapo ndipo swali la Ulaya linapojibika. Watu wengi, wakiwemo wenye shahada mbili, husema baridi huja dunia ikiwa mbali na jua. Ukweli ni kwamba dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya inatetemeka. Kinacholeta majira ni mhimili wa dunia kuinama kwa takribani nyuzi 23 na nusu: nusu moja ya dunia inaelekea jua, nyingine inapata mwanga wa kulala na siku fupi. Fimbo yako imeonyesha mwinamo huo kwa macho yako mwenyewe. Inaonyesha pia kwa nini Juni na Julai hapa kwetu ni miezi ya baridi: jua limeshuka upande wa kaskazini, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na anga kavu isiyo na mawingu inaliachia joto lote usiku.

Mvua nayo inafuata hadithi hiyo hiyo. Ukanda wa mvua husafiri kulifuata jua, kwa kuchelewa kidogo. Maeneo yaliyo karibu na ikweta unayapitia mara mbili, ndiyo maana wana vuli na masika. Sisi wa katikati ya nchi tunapata msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Mkulima wa uwele na mtama wa Chamwino analijua hili kwa mwili wake. Afisa aliyehamia kutoka Dar hushangaa tu kwa nini Oktoba vumbi linazidi.

Ukishaelewa mwanga na kivuli, mwezi hautakusumbua. Nusu ya mwezi huwa imeangazwa na jua wakati wote. Tunachoona kinabadilika kwa kuwa tunautazama kutoka upande tofauti kadiri unavyotuzunguka. Kivuli cha dunia hakihusiki, isipokuwa siku ya kupatwa kwa mwezi, na hilo hutokea mwezi ukiwa mpevu tu.

Hatua ya nne: soma historia kutoka mahali uliposimama

Tarehe zikisomwa peke yake hutoroka. Zifunge kwenye sehemu unazopita kila siku.

Anzia stesheni ya zamani. Reli ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule Vita vya Majimaji vilipolipuka kusini, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo, yaani eneo la Wagogo hapa Dodoma, kuwa wapagazi. Ukame ulipokuja juu ya hayo, ikatokea njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Ilimaliza watu kwa maelfu. Mtu anaweza kumaliza shahada ya historia, akajua vizuri njaa ya viazi ya Ireland, akakaa Dodoma miaka mitano na asiwahi kulisikia neno Mtunya. Hilo ni pengo linaloniuma, na ndilo rahisi kuliziba: wazee wa Ugogo bado wanalo simulizi walilopokea kwa wazazi wao.

Nenda Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula, ikaja na mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Matrekta yaliyobaki vitani yalivunjika kwenye mizizi ya mibuyu na vichaka, udongo wa mfinyanzi ukakakamaa kiangazi kiasi kwamba karanga hazing'oki, na mvua haikutosha. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36. Waliopanga hawakuuliza vya kutosha wenyeji wa eneo hilo kuhusu mvua yao. Kuanzia 1964 Kongwa hiyo hiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini.

Halafu weka mstari wa tarehe chache ambazo raia yeyote aliyesoma anapaswa kuwa nazo kichwani. Tarehe 9 Desemba 1961 ni uhuru wa Tanganyika, Tanzania haikuwepo. Jamhuri 1962. Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba 1964. Azimio la Arusha 1967. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma 1973, Katiba inayotumika 1977, vyama vingi 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi 1995. Dodoma ikawa jiji 2018. Hizo zinatosha kuanzia. Kila tarehe iulize swali moja: nini kilisababisha? Kwa mfano, fuata kwa nini uamuzi wa 1973 ulisubiri zaidi ya miaka arobaini kutekelezwa, na utajifunza vita vya Kagera, bei ya mafuta na uchumi wa miaka ya themanini kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya tano: chora ramani kwa mkono

Chora Tanzania bila kutazama, weka majirani: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi, Msumbiji. Nane. Kongo tunapakana nayo ndani ya Ziwa Tanganyika tu. Kisha tia alama nchi zisizo na bahari: Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Sasa malori yanayopita Dodoma kuelekea Singida yanaeleweka, na reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria hadi hapa mwaka 2024 inaeleweka pia. Rudia kuchora kila mwezi hadi mkono uzoee.

Hatua ya sita: hesabu za pesa

Hapa kutojua kunaumiza mfukoni, na waathirika wakubwa ni watumishi wenye mshahara wa uhakika, kwa sababu ndio wanaokopesheka.

Turudi kwenye mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18. Mkopeshaji wa kwanza anapiga riba juu ya mkopo wote wa awali, hata baada ya wewe kuanza kulipa: riba ni 216,000, rejesho 118,000 kwa mwezi. Mkopeshaji wa pili anapiga riba juu ya salio lililobaki kila mwezi, asilimia moja na nusu: rejesho linakuwa kama 110,000 na riba yote kama 120,000. Asilimia ni ile ile kwenye tangazo, lakini tofauti ni karibu laki moja. Swali la kuuliza dirishani ni moja: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya salio?

Ile mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu inajificha kwenye neno "kwa mwezi". Asilimia 20 kwa mwezi kwenye laki tano ni laki moja kila mwezi. Ukilipa riba tu kwa miezi kumi umetoa milioni nzima, na laki tano bado unadaiwa. Izidishe kwa kumi na mbili kila mara: hiyo ni asilimia 240 kwa mwaka.

Na jambo dogo linalowanasa hata wahasibu wakiwa nje ya ofisi: bei ya 100,000 ikipanda asilimia 20 na kisha ikashuka asilimia 20, hairudi 100,000. Inakuwa 96,000, kwa sababu asilimia ya pili imekatwa kwenye 120,000.

Hatua ya saba: jikoni na dukani kwa dawa

Antibayotiki zinaua bakteria. Mafua yanaletwa na virusi, kwa hiyo kumeza kapsuli za rangi mbili ulizonunua bila kupimwa hakuponyi mafua. Kunawapa bakteria waliomo mwilini nafasi ya kuzoea dawa, na siku utakayoihitaji kweli haitafanya kazi. Haya ni ya kidato cha tatu, lakini foleni ya duka la dawa jioni ina watu wenye vitambulisho vya kazi shingoni.

La pili ni zito zaidi kwa mkoa wetu: sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto. Haiondoki kwa kuchemsha, na ukiila kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini na kuweza kuleta saratani. Kinachosaidia ni kuanika juu ya turubai badala ya ardhi, kukausha hadi punje ipasuke kwa sauti ukiitafuna, kuchambua na kutupa punje zenye rangi isiyo ya kawaida au zilizotobolewa, na kuhifadhi juu ya vichanja. Hata anayenunua unga sokoni Majengo anapaswa kujua hili, maana ugali hauna cheti cha elimu unachokitambua.

Hatua ya nane: nani ana mamlaka gani

Kwa ufupi: mwenyekiti wa mtaa, diwani na mbunge wanachaguliwa kwa kura. Mtendaji wa mtaa na wa kata ni waajiriwa. Mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa na mkurugenzi wa halmashauri wanateuliwa. Ulinzi, mambo ya nje, uraia na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Afya na kilimo si ya Muungano. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na ndiyo sababu bunge la bajeti linakaa hapa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, nyumba za wageni zikajaa. Ukiishi Dodoma, usiache kuomba nafasi ya kukaa ukumbi wa wageni bungeni, usikilize hata swali moja linavyoulizwa na kujibiwa.

Hatua ya tisa: uliza, hata kama una cheo

Kikwazo kikubwa kwa msomi ni aibu. Katika ofisi zetu mtu akishaitwa mheshimiwa au daktari, anaona kusema "sijui" ni kujivua nguo. Anayezoea kusema "hilo sijui, nieleze" anapata elimu bure kila siku. Mwombe mwenzako wa idara nyingine akueleze kazi yake kwa dakika kumi. Muulize dereva wa lori barabara ya Singida ilivyobadilika. Ukikutana na mzee wa Kigogo, mwamkie kwa heshima, shikamoo babu, na kama unaijua mbukwenyi, salamu ya Kigogo, utaona uso unavyofunguka. Kisha muulize kuhusu mvua za zamani, kuhusu kuhamishiwa vijijini miaka ya sabini, kuhusu Mtunya. Sikiliza hadi amalize. Usimsahihishe kwa ulichosoma kwenye simu.

Ulichosikia kihakiki sehemu mbili zisizonakiliana. Ujumbe uliosambazwa kwenye makundi matano ya WhatsApp bado ni chanzo kimoja. Kwa mambo ya sheria fungua Katiba yenyewe. Kwa idadi ya watu fungua taarifa ya sensa ya 2022, iliyotuhesabu milioni 61.7, kwa afya uliza mtaalamu aliyesajiliwa.

Kuhifadhi ulichojifunza, tumia daftari dogo. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu la sentensi tatu. Jiulize tena kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi, ukiwa umefunika jibu. Kusoma mara tano mfululizo hakufikii kujiuliza mara tatu kwa kuachanisha siku.

Na mkiwa watu wanne au watano mnaokula pamoja, wekeni utaratibu wa Ijumaa: mmoja anaeleza jambo lililo nje ya fani yake kwa dakika kumi, wengine wanauliza. Mwanasheria aeleze umeme wa Mtera unavyozalishwa kwa maji ya Ruaha Mkuu. Mhandisi aeleze mambo ya Muungano. Mhasibu aende Kolo kwanza, aione michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, kisha arudi kusimulia. Anayeshindwa swali aliandike, na ndilo litakalofungua Ijumaa inayofuata.